Sauti Saba na Mama wa Punda

Kaka yangu hajui lugha za kigeni. Niliseme hilo mapema, maana watu wamejaza ukumbi wetu kwa miaka ishirini wakiamini anazijua tatu. Anajua "njoo", "kimbia", "nakupenda" na matusi. Mengine yote anayasoma kwenye nyuso za wachezaji wa filamu, anayatia chumvi, kisha anayatoa kwa sauti saba tofauti bila kusita. Ndiyo maana wanamwita Sauti Saba. Ana ya mzee, ya bibi, ya jambazi, ya askari, ya mrembo na ya mtoto. Ya saba ni yake mwenyewe, ile ya kueleza mambo, ambayo huitumia zaidi pale anapokuwa hajaelewa kinachoendelea.

Ukumbi wetu wa video zamani ulikuwa ghala la saruji. Mpaka leo ukiburuta benchi unaona vumbi la kijivu linatoka chini yake. Madirisha tumeyaziba kwa mablanketi, kitambaa cheupe kimetundikwa ukuta wa mbele, na feni ziko mbili, moja ya kuzunguka na moja ya kutazamwa. Fundi anakaa nyuma na projekta yake; ni mtu wa maneno matano kwa siku. Mimi nakaa kidirishani mlangoni, nakata tiketi, na wateja wananiita Tiketi. Sijawahi kuwakataza, nimeshaitwa vibaya zaidi.

Kaka anakaa mbele pembeni, kwenye stuli ndefu, maiki mkono wa kulia na kitufe cha sauti mkono wa kushoto. Akitaka kusema anaishusha sauti ya filamu, akimaliza anaipandisha. Magotini ana daftari. Kila filamu mpya anaitazama mara tatu peke yake katika chumba cha nyuma kabla watu hawajaiona. Mara ya kwanza anaitazama bila sauti, ili aone nani anamchukia nani. Mara ya pili na sauti. Mara ya tatu anasimama na kuisema yote, huku amempa kila mgeni jina la kwetu: Kipara, Mama Miwani, Shemeji Mbaya. Kazi hiyo imemlisha yeye, mimi, na binti yake mmoja, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulala njaa kwa sababu ya sarufi.

Sasa niingie kwenye punda.

Miaka kumi na miwili iliyopita tulionyesha filamu ya dunia ijayo. Mvua imekatika, watu wamebaki wachache, na punda waliokuwa wakiwabebea maji wamepata akili. Hawasemi. Wanaelewana kwa masikio, wanapanga mambo, wanakumbuka nani aliwachapa. Kiongozi wao ni punda dume wa kijivu mwenye sikio moja. La pili limechanika, kimebaki kipande. Watu wetu wakamwita Sikio Moja. Kabla ya hapo punda alikuwa wa kuchekwa tu, shukrani yake mateke, basi. Baada ya filamu ile niliona mtu mzima na koti lake akimpisha punda barabarani.

Katikati ya filamu Sikio Moja anarudi kwenye zizi alikozaliwa. Limebomoka. Anasimama langoni, anatazama ndani, upepo unavuma, na hakuna anayesema lolote kwa karibu dakika tatu. Katika ukumbi wa video dakika tatu za kimya ni balaa. Watu wanakwenda msalani, wanaanza kuulizana habari za wagonjwa. Na kaka yangu hawezi kimya hata mezani. Akaishusha sauti ya upepo, akainua maiki, na kwa sauti ya saba, ile yake, akasema:

"Hapa ndipo mama aliponiacha. Alisikia kuna maji matamu mbele, akaenda. Hakugeuka nyuma. Nilimwita mpaka koo likanikauka, halafu nikaacha. Tangu siku hiyo simwiti mtu."

Niliacha kidirisha nikachungulia ndani. Wanaume wazima walikuwa wanajifuta macho kwa mikono ya mashati. Filamu ile tuliionyesha wiki tisa mfululizo. Watu walikuwa wanarudi kwa ajili ya yale maneno, na wengine waliyasema pamoja naye.

Hayakuwa maneno ya punda. Mkewe alikuwa ameondoka nyumbani wiki tatu kabla.

Nasema "ameondoka" kwa sababu ndivyo tulivyozoea kusema. Ukweli ni huu, na nauandika bila kuupamba. Wifi yangu alikwenda kumuuguza mama yake, miezi miwili, na aliaga vizuri. Akiwa huko, jirani mmoja akaleta habari kwamba ameonekana mara mbili kwenye lori, amekaa mbele na dereva, wanacheka. Kaka akasema lisemwalo lipo. Hakuuliza swali hata moja. Wifi aliporudi, jioni ya mvua kubwa, alikuta komeo limefungwa kwa ndani. Kaka aliongea naye kupitia mlango, akamwambia arudi kwa dereva wake. Mtoto alikuwa kwangu siku hiyo na hakusikia kitu. Kesho yake akaambiwa mama ameondoka.

Dereva alikuwa mjomba wa wifi, mdogo wa mwisho wa mama yake, ambaye sisi hatukuwahi kumwona. Tulilijua hilo baada ya mwaka mzima, jirani mwenyewe alipokuja kutuambia, ameinamisha kichwa, amebeba mfuko wa sukari. Sukari tuliipokea. Maji yalikuwa yameshamwagika.

Mtu atauliza kwa nini kaka hakwenda kumrudia mkewe hapo hapo. Mimi pia nilimuuliza. Tatizo lilikuwa punda. Kwa wakati ule nusu ya mji ilikuwa inayajua yale maneno kwa moyo, na mwanawe wa miaka tisa alikuwa ameyakariri. Alikuwa anayasema akioga. Mtoto alikuwa amepata maelezo, na maelezo yalikuwa mazuri, na baba yake ndiye aliyeyatunga. Aanze wapi kuyafuta?

Nami sikuwa nje ya jambo hili. Wifi alikuwa anajua tunapofanya kazi. Alikuja kidirishani kwangu, akainama, akaniomba amwone mtoto. Nikamwambia mtoto amepelekwa kwa ndugu, mbali. Mtoto alikuwa chumba cha nyuma, amelala kwenye mkeka na daftari lake la shule. Nilisema namtii kaka yangu. Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia.

Binti huyo sasa ana miaka ishirini na anasomea uuguzi. Tunamwita Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Ni mtoto mwema, anamtengenezea baba yake maji ya moto ya koo kila asubuhi. Lakini ukimtajia mama yake, uso unafungika. Aliwahi kuniambia, "Shangazi, nikikutana naye barabarani nitampita kama nguzo ya umeme." Aliyasema hayo akiwa anamenya chungwa.

Basi mwaka huu ikaja filamu ya kabla.

Watengeneza filamu wana tabia hii: hadithi ikiisha na watu bado wanaitaka, wanarudi nyuma kutuonyesha ilikuwaje kabla haijaanza. Kwa hiyo unamjua mtu akiwa mzee, halafu anazaliwa. Filamu mpya ilikuwa inaeleza punda walipataje akili, na Sikio Moja alitoka wapi. Tangazo lilipobandikwa mlangoni watu walisimama kulisoma mpaka wakaziba njia. Sindano akaomba ruhusa wodini ili Jumamosi awepo.

"Baba," alisema, "safari hii hatimaye tutamwona yule mama yake. Nataka nimtazame usoni."

Kaka akacheka. Nami nikacheka. Hatukujua bado.

Jumatatu kaka alijifungia chumba cha nyuma na filamu. Kwa kawaida anatoka akiwa ameshawapa watu majina, ananitajia, tunacheka tukinywa chai. Siku hiyo alitoka akakaa kwenye ngazi, mikono katikati ya magoti.

"Mdogo wangu, njoo utazame."

Nilitazama. Mwanapunda anazaliwa. Anasimama, anaanguka, anasimama. Ananyonya. Mama yake, punda jike mwenye doa jeupe kifuani, ndiye wa kwanza kupata akili katika zizi lote. Anajifunza kufungua lango kwa meno, anatoka, anakwenda mbali, anarudi. Kila anaporudi dume wa zizi lile anamnusa na kulaza masikio. Mara ya tatu dume anamngojea langoni. Anamng'ata, anamsukuma nje kwa kifua, kisha anakamata mti wa lango kwa meno na kuusukuma mahali pake. Jike anazunguka seng'enge siku baada ya siku, analia. Mwanapunda anajaribu kupita chini ya waya amfuate, na hapo ndipo sikio lake linapochanika.

Dume yule ndiye baba yake. Wameonyesha wazi, mtu hahitaji lugha.

"Wamejuaje?" kaka aliniuliza.

"Nani?"

"Hao walioitengeneza. Wamejuaje?"

"Kaka, hao ni watu wa mbali, hawakujui wewe wala mlango wako. Wametunga tu."

"Na mimi nilitunga tu," alisema.

Chai aliiacha ikapoa, chakula alikisogeza upande mmoja wa sahani kisha upande mwingine ili Sindano aone kimepungua. Nilimsikia akimwambia Fundi aikate ile sehemu, ni dakika kumi tu, nani atajua. Fundi aliendelea kufuta projekta yake.

"Mimi naonyesha," alisema. "Kukata sikati."

Akamwomba aseme mashine imeharibika. Fundi akatikisa kichwa. Maneno yake ya siku yalikuwa yamekwisha.

Jumatano nilimwambia kaka amwambie mtoto kabla ya Jumamosi.

"Nimwambie nini?"

"Ukweli."

"Akijua nilimfukuza mama yake mvuani, atabaki na mimi? Huyo ndiye mtu niliyebaki naye. Atachukua begi lake, Tiketi, na hatagombana. Ataondoka tu." Kaka haniiti Tiketi ila akiwa na hofu. Halafu akanitazama. "Na wewe utamwambia ya kidirishani?"

Nikajifanya natafuta ufunguo.

Mimi ndiye niliyepata lile wazo la mama wa kambo. Naliona la kijinga sasa, lakini Alhamisi lilionekana lina akili. Kaka ndiye anayesema nani ni nani, watu wanamwamini. Aseme tu kwamba jike mwenye doa ni mama wa kambo, na mama mwenyewe aliondoka kufuata maji kabla filamu haijaanza. Basi. Maneno ya zamani yanabaki salama, na yule anayefukuzwa anakuwa mtu mwingine. Tulilifanyia mazoezi mara nne katika chumba cha nyuma. Mara ya nne hata mimi nilimhurumia mama wa kambo.

"Itapita," kaka alisema.

"Itapita," nikasema.

Jumamosi saa nane mchana watu walijaa mpaka wengine wakakaa sakafuni. Mama Karanga, mteja wetu wa tangu mwanzo, alikuwa benchi la mbele na sinia lake mapajani. Karanga zake haziozi, anauza na kula mwenyewe. Sindano alikaa karibu naye, bado amevaa viatu vyeupe vya wodini. Nilifunga kidirisha na kusimama nyuma ya pazia, jambo ambalo silifanyi.

Kaka alianza vizuri. Alimpa mwenye punda jina la Bwana Mjeledi, akampa na sauti ya jambazi yenye mafua, ukumbi ukavunjika mbavu. Nikaanza kupumua. Halafu mwanapunda akazaliwa, akasimama, akaanguka, akasimama, akaenda kunyonya kwa jike mwenye doa.

"Huyu mnayemwona hapa," kaka alisema, "ni mama wa kambo. Mama mwenyewe ameshaondoka."

"Mama wa kambo anayenyonyesha?" Mama Karanga akauliza.

Watu wakacheka. Katika mazoezi yote manne hatukuliona hilo, watu wazima wawili. Kaka akameza mate, maiki ikayasikia.

"Wa kambo, lakini ana moyo," alisema.

Wakacheka tena, na bado lilikuwa jambo la kupita. Nilimwona Sindano naye anacheka. Lakini kaka hakurudi sawa. Mwenye jicho kama langu angeliona hilo: sauti ya bibi ilitoka mahali pa askari, na jina la Bwana Mjeledi alilisahau mara mbili. Jike akatoka, akarudi. Akatoka, akarudi. Dume akaja kusimama langoni.

Mahali hapo tulikuwa tumepanga aseme maneno mengi, mfululizo, ili watu wasipate nafasi ya kufikiri. Aliinua maiki. Dume akamng'ata jike. Akamsukuma. Akakamata mti wa lango kwa meno. Kaka hakusema kitu. Jike akaanza kulia kule nje, na badala ya kuishusha sauti, kaka akaipandisha. Sijui kama alikusudia. Kilio kile kilijaa ghala zima, na hakuna aliyekwenda msalani.

Kisha akasema, kwa sauti yake.

"Niliwadanganya. Niliwaambia mama aliondoka. Hakuondoka. Huyu ndiye mama, na huyo aliyefunga ndiye baba. Aliletewa maneno na jirani, hakuuliza. Akafunga komeo kwa ndani. Mama alisimama nje mvua inamnyeshea, akasema, nifungulie nimwone mtoto tu, nitalala hata jikoni. Baba akamwambia arudi kwa dereva wake."

"Punda ana dereva?" mtu mmoja akauliza nyuma.

"Mvua iko wapi?" akasema mwingine. Pale kwenye kitambaa kulikuwa na mchanga mtupu mpaka mwisho wa macho. Filamu nzima ni ya ukame.

"Alikuwa amelowa," kaka akasema. "Nilimsikia meno yanagongana."

Sindano akageuza kichwa. Mwanapunda alikuwa anapita chini ya waya, watu wote wanamtazama, wengine wameziba macho, na yeye peke yake alikuwa anamtazama baba yake kwenye stuli. Hakugeuka tena mbele mpaka taa zilipowaka. Mimi nikajishikiza kwenye pazia, nikamsikia kaka akiimalizia filamu yote kama mtu anayebeba mzigo wa mwisho wa siku, bila mzaha hata mmoja.

Watu walipiga makofi. Walimshika mkono wakitoka, wakamwambia hajawahi kusema vizuri hivyo. Mama Karanga alisema ile ya mvua imemchanganya kidogo lakini imemgusa, akamwachia pakiti ya karanga kwenye stuli. Fundi alitutazama sisi watatu, akasema anakwenda kuangalia jenereta. Umeme ulikuwepo.

Sindano alikuja akakaa benchi la kwanza, mbele ya baba yake. Nilitaka kubaki mlangoni, akaniita na mimi.

"Shangazi, kaa."

Nikakaa.

"Alikuja tena baada ya siku ile?" alimuuliza baba yake.

"Alikuja."

"Mara ngapi?" Aliuliza kama anavyomuuliza mgonjwa ametapika mara ngapi.

"Mara tatu," kaka alisema. Alikuwa analia, na hakujifuta. "Nilikataa kumwona. Halafu akachoka, hakuja tena. Kosa ni langu mwanangu, lakini nilipotaka kurekebisha yeye alikuwa ameshachoka."

Ningeweza kunyamaza. Nataka msomaji ajue kwamba nililifikiria. Kaka alikuwa ameshalibeba lote mbele ya watu mia, na mtoto alikuwa anamtazama yeye, na mimi nilikuwa shangazi tu niliyekaa pembeni. Lakini lile neno "akachoka" lilikuwa uongo, na aliyekuwa ameliamini miaka yote hiyo alikuwa kaka yangu.

"Kumi na moja," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia.

"Alikuja mara kumi na moja. Baada ya mara ya tatu uliniambia akija tena nisikuambie. Sikukuambia. Alikuwa anapanda basi la alfajiri, anafika hapa saa nne, anasimama kidirishani mpaka filamu ya kwanza inaanza. Mara ya mwisho alileta viatu vya shule. Nikakupa," nilimwambia Sindano, "nikakwambia nimenunua mimi."

"Vile vyenye kifungo pembeni."

"Vile."

"Mimi lile katazo la kutoniambia nililiondoa mwaka uliofuata," kaka alisema taratibu. "Jirani alipokuja na sukari. Nilikuuliza, Tiketi. Nilikuuliza, huyo mwanamke huwa anakuja bado? Ukasema hapana."

"Nilisema hapana."

"Na alikuwa anakuja."

"Alikuwa amekuja wiki ile."

Sindano alinitazama. Afadhali angepiga kelele. "Kwa nini, shangazi?"

Nilikuwa na majibu mengi niliyoyaweka tayari kwa miaka kumi na miwili: kutii, aibu, kaka mkubwa, maneno ya watu. Nikayaacha yote.

"Nilikuwa nimeshazoea kukusuka," nikasema. "Jumapili. Unanilalia kwenye paja, unasinzia, sijamaliza hata upande mmoja. Mimi sikujaliwa mtoto, unajua. Nikasema moyoni, mama yake akimchukua, nitamsuka nani."

Aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Nje watu wa filamu ya saa kumi walikuwa wameanza kupanga foleni, mtoto mmoja anaiga kilio cha punda, mama yake anamnyamazisha.

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Anashona sare za shule. Ni mwendo wa saa sita kwa basi."

"Umejuaje?"

"Siku ya viatu aliniachia namba. Aliandika nyuma ya tiketi. Kila nikibadilisha simu naihamisha."

Alinyoosha mkono. Nikampa simu. Nimeiandika kwa jina la Cherehani, ili kaka asiione. Alinakili namba kwenye simu yake, moja moja, akanirudishia yangu bila kunigusa vidole, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Dirisha la kuelekea uani limezibwa kwa blanketi tu. Sikumtazama kaka na yeye hakunitazama. Tulisikia viatu vyake vikienda hadi ukutani na kurudi, mara nyingi. Kisha vikasimama.

"Haloo. Shikamoo." Kimya. "Ni mimi." Kimya tena. Alikuwa hajui ajitaje vipi, maana jina la Sindano tulimpa sisi. Akataja jina lake, lile alilopewa na mama yake siku alipozaliwa, ambalo katika nyumba yetu hakuna aliyelitamka kwa miaka mingi.

Upande wa pili mtu alisema neno. Hatukulisikia, tulisikia tu pumzi ya Sindano.

"Hapana," alisema. "Hapana, mama. Hakuna aliyekufa."